Fremu ya prosesa ya Pentium 4 ilivyokatika, nikaibadilisha

Kompyuta ya dukani kwa shangazi hapa Moshi, yenye prosesa (chipu kuu) ya Pentium 4 ya soketi 478, yaani aina ya tundu inamokaa prosesa, ilianza kuwa nzito, kisha ikawa inajizima. Kufungua kava, nikakuta sikio moja la fremu nyeusi inayobana hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) limekatika. Plastiki hizo joto la miaka mingi huzikausha. Hitisinki ilikuwa imeinuka upande mmoja, prosesa haipoi vizuri, ndiyo maana ikawa inajizima.

Fundi mmoja wa Mbuyuni alikuwa na madabodi (bodi kuu za kompyuta) mbovu ya soketi hiyohiyo. "Chukua fremu, mengine niachie."

Penye hatari ni kung'oa hitisinki. Ukiivuta juu kwa nguvu, pesti iliyoganda, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, inaweza kuja na prosesa hata kama soketi imefungwa, pini zikapinda. Niliwasha kompyuta kidogo pesti ilainike, nikazima, nikachomoa waya wa umeme. Nikalegeza klipu, nikaichezesha hitisinki kushoto kulia taratibu mpaka ikaachia.

Madabodi nikaitoa nje ya kasha. Fremu hushikwa na pini nne nyeupe zilizopita ndani ya riveti nyeusi (vishikizo vya plastiki): zisukume kwa chini kwenda juu, riveti zinalegea. Kufunga ni kinyume chake, pini zinaingilia juu. Nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko.

Haijajizima tena. Shangazi sasa anataka na kichapishi kitengenezwe.