Hendibreki ya pikapu yangu: waya haukuwa na kosa

Pikapu yangu ni ya zamani, ya zile zenye hendibreki ya kuvuta chini ya dashibodi. Unavuta mkono kuja kwako, na ukitaka kuachia unauzungusha kidogo kisha unausukuma ndani. Kwa muda mrefu mkono huo ulikuwa unakuja wote, mpaka jino la mwisho kati ya yale meno yanayoushikilia ukivutwa, na gari bado linajiendea. Pa tambarare lilisimama, ila pa tambarare hata gari lisilo na breki husimama. Kwenye mteremko nilikuwa natia gia na kuweka kabari nyuma ya tairi, kama alivyofanya aliyeniuzia.

Gia peke yake haiwezi kuwa hendibreki. Ukizima injini na kuacha gia, kinacholizuia gari ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda za injini. Injini ikishazeeka, hewa hiyo hupenya taratibu kwenye ringi na valvu, gari linasogea kidogo, linatulia, linasogea tena. Ukiwa umepakia mzigo ndiyo mbaya zaidi.

Kila niliyemweleza alinipa jibu moja: kaza waya. Ni ushauri mtamu kwa sababu ni rahisi. Pale waya wa mbele unapokutana na waya mbili za nyuma kuna nati, na ukiizungusha kidogo mkono unarudi kuwa mgumu. Lakini waya wa chuma haurefuki kiasi hicho. Mkono ukija mrefu, maana yake kuna nafasi imezaliwa mahali fulani upande wa pili: breki shuu (vipande vinavyobana) zimekaa mbali na dramu (chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu), au kuna kitu hakirudi mahali pake. Ukikaza waya unaifunika nafasi hiyo, huiondoi. Ndiyo maana sikugusa nati kwanza, nikaenda kulala chini ya gari.

Ili nisiwachanganye wasiowahi kufungua breki za dramu, nieleze kwa ufupi. Ndani ya dramu kuna shuu mbili zilizopinda. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni na shuu zinapanuka. Hendibreki haitumii mafuta hata kidogo. Inavuta kijiti kilichofungwa kwenye shuu moja, kijiti kinasukuma upau unaoigusa shuu nyingine, na zote mbili zinabana dramu. Kwenye pikapu yangu, kati ya waya na kijiti hicho kuna kipande kingine kimefungwa nyuma ya bamba la breki, chenye umbo la kiwiko, kinachogeuza mwelekeo wa mvuto. Nitakiita kiwiko. Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwenye mfumo wa namna hii, ajasta inayosogeza shuu karibu na dramu kadiri zinavyolika haijiendeshi yenyewe. Inazungushwa na kijiti cha hendibreki kinapovutwa na kurudi. Kijiti kisiporudi hadi mwisho, ajasta imelala.

Niliegesha pa tambarare pagumu, nikaweka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele, nikaacha gia huru, nikainua nyuma kwa jeki na kuweka stendi chini ya ekseli. Nasisitiza chini ya ekseli, si chini ya chesisi. Ukiweka kwenye chesisi ekseli inaning'inia, waya zinavutika kwa namna ambayo hazivutiki gari likiwa chini, na chochote utakachopima kitakuwa cha uongo.

Mpwa wangu alikaa ndani, mimi nikawa nazungusha tairi kwa mikono.

"Mjomba, niongeze jino?"

"Ongeza moja. Ngoja. Haya, jingine."

Meno ya mwanzo yote hayakuleta badiliko lolote. Baadaye tairi la kulia likaanza kushika, nikasikia shuu zinagusa dramu, lakini nikikaza mikono linateleza na kuzunguka. La kushoto halikujali mpaka jino la mwisho, na hapo lilikuwa zito kidogo tu. Kulia inagusa na kuteleza, kushoto karibu haigusi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti yaliyokuwa yanaonekana kama moja kwa aliye kwenye usukani.

Nikamwambia aachie mkono, nikaingia chini na tochi. Waya wa kushoto ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Huo ulegevu ndio unaowadanganya watu, maana ukiuona tu, unakimbilia kutafuta spana. Nikachomoa waya zote mbili za nyuma kwenye kipande kinachogawa mvuto, nikashika ncha ya kila mmoja kwa plaizi na kuvuta na kusukuma. Zote ziliteleza vizuri ndani ya magamba yake, yaani mirija inayozifunika. Gamba halikupasuka, waya haukufumuka. Kwa hiyo waya zilikuwa nzima, na kosa lilikuwa mbele yake.

Nikagusa kiwiko cha kushoto. Hakitikisiki. Kilikuwa kimegandia katikati ya safari yake, kimevutwa nusu na kubaki hapo. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka ubavuni, na ndani palijaa tope lililokauka likachanganyika na kutu mpaka pini na tundu lake vikawa chuma kimoja. Hapo picha yote ikanifungukia. Kiwiko kimekwama kikiwa kimevutwa nusu, mkono unaachiwa, waya unarudi lakini kiwiko hakirudi, ndiyo waya unalegea. Ukivuta tena, nusu ya mvuto inaishia kumeza ulegevu huo. Na kwa kuwa kiwiko hakirudi, kijiti hakirudi, ajasta haizunguki, shuu zinalika na hakuna anayezisogeza. Nilipoitazama nati ya kukazia waya nilikuta imefika karibu na mwisho wa nyuzi zake. Kumbe ilishakazwa, pengine zaidi ya mara moja. Kila ilipokazwa, kiwiko kilivutwa mbele kidogo na kukwama hapo kilipofika.

Dramu ya kushoto haikutaka kutoka. Ukingo wake wa ndani ulikuwa na mdomo wa kutu unaoshika shuu. Kabla ya kuchukua nyundo, tazama uso wa dramu: nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi, na kwenye yangu ni ya bolti za milimita 8. Unaingiza bolti mbili na kuzikaza kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, dramu inasukumwa nje yenyewe. Ikigoma bado, kuna kitundu kwenye bamba la nyuma cha kuingizia bisibisi na kulegeza ajasta.

Vumbi la ndani usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za magari ya zamani zinaweza kuwa na asibesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mimi nililowesha kila kitu kwa maji ya sabuni na kufuta kwa matambara ya kutupa.

Kiwiko kilinichukua muda kuliko kazi nyingine zote. Nilipulizia dawa ya kutu, nikaacha usiku kucha, nikapulizia tena. Pini ilipoanza kuzunguka nilikuwa naipeleka na kuirudisha, bila kuilazimisha upande mmoja, maana ikikatika humo ndani utahangaika kuitoboa. Ilipotoka nikaisugua kwa msasa mwembamba hadi ikang'aa, nikasafisha tundu, nikapaka grisi ya joto kali na kuweka mpira mpya. Kidole kimoja kikawa kinatosha kukisogeza, na springi inakirudisha chenyewe hadi kwenye kituo chake, yaani mwisho wa kurudi kwake. Cha kulia nacho nilikifungua hata kama kilikuwa kinasogea. Kilikuwa njiani kuelekea huko huko.

Upande wa kulia habari ilikuwa nyingine. Nilipovua dramu, pua ilijua kabla ya macho: harufu kali ya salfa, ile ya oili ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma. Shuu zilikuwa nyeusi, zinang'aa, na chini ya bamba kulikuwa na uji wa vumbi na oili. Nikainua mpira wa silinda ya breki pande zote mbili, ndani pakavu. Basi si mafuta ya breki, ni oili inayokuja kwenye ekseli kupitia sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke.

Wapo wanaoosha shuu za namna hiyo kwa petroli, wengine wanazichoma moto. Sikujaribu na sishauri. Tabaka la kusugua linanyonya oili, na likipata joto barabarani linaitapika tena juu. Shuu zilizolowa ni za kutupa, na unabadilisha za magurudumu yote mawili, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Sili nayo nilijiuliza kwa nini imeshindwa. Juu ya nyumba ya difu kuna kipumulio kidogo. Difu ikipata joto, hewa ndani inatanuka na kutokea hapo. Changu kilikuwa kimezibwa na tope gumu kabisa, kwa hiyo hewa ilitafuta njia nyingine na kusukuma oili kwenye sili. Ningebadilisha sili peke yake, ile mpya nayo ingefuata mkondo huo huo. Kutoa ekseli nilimwachia fundi, kwa sababu lazima ufungue bomba la mafuta ya breki na baadaye utoe hewa kwenye mfumo, na beringi ilihitaji jicho lililozoea. Beringi ilikuwa nzima.

Kufunga shuu mpya si kazi ngumu ukifanya upande mmoja kwanza, ule mwingine ukiwa umefungwa ili uutazame springi ipi imepita wapi. Picha za simu zinasaidia, ila hazionyeshi kilicho nyuma. Jihadhari na ajasta: ya kushoto na ya kulia zina nyuzi zinazozunguka pande tofauti. Ukizibadilishana, kila utakapovuta hendibreki zitakuwa zinarudisha shuu nyuma badala ya kuzisogeza. Dramu nilizipima ndani kwa sababu kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa huwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Zangu zilikuwa bado hazijafika huko.

Mpangilio wa kurekebisha ndio moyo wa kazi nzima. Waya nikaulegeza kabisa kwanza. Nikazungusha ajasta kwa mkono hadi dramu ikaanza kukwaruza kidogo nikiivalisha, nikarudisha nyuma mpaka ikawa huru. Nikakanyaga pedali mara kadhaa ili shuu zijipange katikati. Ndipo nikarudisha waya, nikavuta mkono na kuachia, kuvuta na kuachia, huku nimeweka sikio karibu na gurudumu. Ndani ya dramu kulikuwa na mlio mdogo, tik, kila mkono uliporudi. Hiyo ni ajasta inazunguka, kazi ambayo upande wa kushoto ulikuwa haujaifanya kwa muda usiojulikana. Nikaendelea mpaka mlio ukakoma pande zote.

Nikarekebisha bolti ya kituo cha kila kiwiko ili kiguse bila kubanwa, na mwisho kabisa nikaigusa nati ya waya. Nililazimika kuilegeza sana kuliko nilivyoikuta. Idadi ya meno inayofaa imo kwenye kitabu cha gari lako, na inatofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo usichukue yangu. Kipimo cha pili ni muhimu vile vile: mkono ukiachiwa, magurudumu yote mawili yazunguke bila kukwaruza.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuwa kwenye pedali. Zamani ilikuwa inashuka sana kabla ya breki kushika, nikadhani ni uzee wa silinda kuu. Shuu ziliposogea karibu na dramu, pedali ikapanda juu yenyewe.

Nililijaribu kwenye mteremko likiwa tupu, kisha limepakia, pua ikiangalia juu na ikiangalia chini. Linakaa. Baada ya kuendesha kidogo nilisogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa, joto likawa sawa kulia na kushoto. Taa nyekundu ya dashibodi iliwahi kubaki inawaka hata mkono ukiwa ndani. Kwenye magari mengi taa hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha mafuta ya breki yamepungua, na yangu yalikuwa yamepungua baada ya kutoa hewa. Nikajaza, ikazima.

Sasa navuta hendibreki kila ninaposimama, hata pa tambarare, maana vile viwiko vinaganda kwa kukaa bila kusogea na ajasta inategemea mvuto huo. Ninaacha kuivuta pale tu ninapotoka kupita kwenye maji na gari litalala siku kadhaa, kwa sababu shuu mbichi zinaweza kugandia kwenye dramu kwa kutu. Kila nikimwaga oili ya injini nachungulia kipumulio cha difu na mipira ya viwiko, nakagua na bamba la kulia. Mpaka sasa ni kavu.