Kola Juu ya Koti Jeupe

Nafanya kazi maabara hapa Moshi, na wiki nzima mwili wangu umo ndani ya koti jeupe. Watu wanachokiona kwangu ni kola, ncha ya mkono wa blauzi, na viatu. Ndiyo maana mavazi yangu yote huanzia shingoni. Nina kola za mviringo, kola ndefu zenye ncha za miaka ya sabini, kola za kufungwa kwa utepe, na moja ya kitani iliyotariziwa maua madogo ya bluu ambayo bibi zetu wanaokuja kupima huinama kuiangalia wakati nawatoa damu. Hakuna hata moja niliyoitoa duka la nguo mpya. Zote zimetoka mtumbani: masoko ya Memorial na Kiboriloni hapa Moshi, na Jumamosi nikiwa na safari ya Arusha nashuka Tengeru kwanza, gulio likiwa limechangamka.

Nikiulizwa kwa nini, watu hutarajia nitaje bei. Bei ni kweli, ila si sababu ya kwanza. Pita maduka ya nguo mpya mjini uone: gauni lile lile, rangi ile ile, duka baada ya duka, kwa kuwa wengi wamefuata mzigo Kariakoo. Mtu mwingine ameshaamua mwaka huu tuvae nini, na wewe unabakiwa na kazi ya kuchagua saizi. Kwenye fungu la mtumba hakuna aliyeamua. Sketi ya juzi imelalia blauzi iliyoshonwa kabla sijazaliwa, saizi zimeandikwa kwa hesabu za nchi nyingine, na hakuna sanamu dirishani ya kukuonyesha hiki kinavaliwa na kile. Mkono unaingia, unagusa, unaacha, unavuta. Baada ya miaka ya kuvuta nikagundua navuta vitu vya aina moja tu: pamba nzito, sufu, kijani cha majani ya mgomba, rangi ya kutu, kola zenye kazi ya mkono. Sikukaa chini nikapanga. Mkono ulijua kabla yangu, na tangu hapo siendi tena sokoni kuuliza kinachovaliwa.

Mama ninayenunua kwake Memorial anauza blauzi peke yake. Belo lake ni la kilo 45, limekazwa kwa mikanda ya plastiki, na analinunua bila kuruhusiwa kulifungua. Akikata mikanda ndipo anajua kama kapata au kala hasara. Siku moja kabla hutupigia simu wateja wake wa kudumu: “Mwanangu, kesho nafungua, uwahi.” Kuwahi ni kwa sababu ya vijana wanaokuja kupointi, yaani kuokota zile kali na kwenda kuziuza kwenye vifremu au mtandaoni kwa bei ya juu. Zilizo kali hupanda kwenye hanga, za kawaida hubaki mezani, na kufika jioni zilizobaki zinamwagwa chini kwenye turubai, mtu anaimba buku, buku, buku.

Hapa ndipo mimi na vijana wa kupointi tunapoachana. Wao wanatafuta jina kubwa kwenye lebo na mkato wa sasa. Blauzi ya zamani yenye mabega mapana na lebo iliyofifia haiwasemeshi, hivyo mara nyingi haipandi hanga. Inashuka kwenye turubai, na turubaini ndiko ninakopiga magoti. Anayependa vitu vya zamani afike asubuhi kumsalimia mama, kisha arudi tena jioni.

Blauzi ninayoipenda kuliko zote ilitoka chini ya rundo la fulana, jioni. Rangi ya maziwa, kola ya mviringo iliyozungushiwa krosheti nyembamba. Lebo yake imeandikwa Made in W. Germany. Ujerumani Magharibi iliungana na Mashariki mwaka 1990, kwa hiyo blauzi hii ni ya kabla ya hapo. Vifungo ni vya gamba la chaza. Nilikigusisha kimoja mdomoni palepale sokoni: gamba hukaa na ubaridi wake, plastiki huchukua joto lako mara moja. Ukivigeuza upande wa nyuma hakuna kinachofanana na mwenzake, kimoja kina mstari wa kahawia, kingine kina kijishimo kama kovu la tetekuwanga. Matundu yake yamezungushiwa uzi kwa mkono. Halafu ipindue: mishono yote imefichwa, hakuna uzi unaoning'inia, hata ndani pamepigwa pasi na mtu aliyejua hakuna atakayepaangalia. Nililipa elfu mbili. Yule mama aliniuliza, “Hiyo nayo ya kuvaa kanisani, mwanangu, au ya kumpa bibi?” Nikamwambia ya kazini. Sasa akiona kola yenye krosheti ananiwekea pembeni.

Lebo zinasema mengi kwa anayezisoma. Nguo ya Marekani isiyo na maelekezo yoyote ya kufua huenda ni ya kale kweli, maana mwanzoni mwa miaka ya 1970 kanuni za kule ziliwalazimisha watengenezaji kuyaweka. Gauni la kike lenye kilebo cha nyekundu, nyeupe na bluu chenye herufi ILGWU lilishonwa na wanachama wa chama cha wafanyakazi wa nguo za kike cha Marekani. Chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995, na herufi hizo zikakoma. Zipu ya chuma ubavuni nayo ni dalili nzuri. Lebo ikiwa imekatwa, nachomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo, naenda nao nyumbani, nauchoma kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kijidonge kigumu cheusi. Wauzaji wetu huita “silki” kila kinachoteleza, kwa hiyo kiberiti kinanisaidia kujua nifue vipi.

Mama yangu mzazi havai mtumba. Yeye alikuwa msichana wakati mpaka wetu na Kenya umefungwa, kati ya 1977 na 1983, na miaka iliyofuata nguo bado zilikuwa za kupangia foleni. Anakumbuka nguo za msaada zikigawiwa, na watu wakinong'ona kwamba ni za kafa Ulaya, kwamba mwenyewe amezikwa na wewe umevishwa shati lake. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya themanini na mitumba ikaruhusiwa kuingia, rafiki zake wengi waliigeuza kuwa riziki. Yeye alibaki na fundi wake. Simlaumu. Kwa aliyeonja uhaba ule, kushonewa kwa kipimo chako ilikuwa heshima. Nikimtembelea na blauzi mpya swali lake la kwanza ni moja tu: “Umeiloweka?” Nikisema ndiyo, anaishika kola, anaupinda mshono kwa kidole gumba na kusema fundi huyu alikuwa hodari.

Mwaka juzi alinifungulia sanduku lake la bati akanipa gauni lake la usichana, kitambaa cha Urafiki, kile kiwanda cha Dar es Salaam kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Manjano na kahawia, duara kubwa kubwa. Rangi haijachuja. Nalivaa Jumapili na sweta la sufu la mtumba, kijani, na wazee wa kanisani wananisimamisha kuniambia walikuwa na kitambaa hicho hicho.

Kwa hiyo wanaosema mitumba imeviua viwanda vyetu siwezi kuwapuuza, maana ushahidi, gauni hilo la Urafiki, naupiga pasi mwenyewe. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikaja juu, ikitumia AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kule bila ushuru. Nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Mimi natamani pamba inayolimwa Shinyanga na Simiyu ifumwe hapa hapa na ivaliwe hapa hapa. Ila viwanda vilidhoofishwa pia na mitambo kuchakaa, vipuri kukosekana, umeme kukatika, na nguo mpya za bei rahisi kutoka nje, zile zinazopauka baada ya kufuliwa mara chache. Hizo mpya ndizo zinazoniuma zaidi. Kati ya blauzi iliyodumu tangu kabla ya 1990 na ile ambayo haitamaliza masika, najua ipi ni takataka iliyoletwa kwetu.

Ninachookoa kwenye bei nampelekea fundi. Anakaa na cherehani yake ya Singer kwenye baraza karibu na Soko la Kati, na hana haraka. Nilimpelekea koti la sufu la kijivu la kiume, mabega yamejaa pedi, bitana imechanika kwapani. Moshi ya Juni hadi Agosti, mlima umejifunika siku nyingi na manyunyu ya asubuhi, koti kama hilo si pambo, unalihitaji. Alitoa pedi, akaingiza kiuno kidogo, akaacha mikono ilivyo kwa sababu naikunja. Bitana nilimletea khanga.

“Dada, khanga ndani ya sufu? Si itavuta?”

“Ifue kwanza irudi, fundi, ndipo ukate.”

Akaifua kweli, akaianika kwenye uzio, akakata siku ya pili. Lile jina la khanga, Wema Hauozi, alilipanga likapita mgongoni kwa ndani, usawa wa mabega. Nikivua koti na kulitundika kwenye msumari wa maabara ndipo wenzangu wanalisoma. Wawili wameshampelekea makoti yao.

Hata kwenye sare za sendofu sijashindwa. Kamati ikitangaza rangi, wengi hukimbilia kununua kitambaa kipya. Mimi nachukua kipande cha sampuli, nakwenda nacho Kiboriloni, nalinganisha juani, si chini ya turubai la buluu ambalo hubadili kila rangi. Nikikosa, nanunua kitambaa kama wengine. Nikipata, nakaa meza ya marafiki nikiwa ndani ya sare na bado ni mimi.

Kuhusu usafi nasema kama mtu wa maabara. Nguo za ndani za mtumba sinunui, na Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku. Nyingine zote zinalowekwa peke yake usiku kucha na sabuni. Ile harufu ya belo ikigoma, maji ya pili naweka kikombe cha siki. Sufu haiguswi na maji ya moto wala haikamuliwi, naiviringisha kwenye taulo na kuilaza. Zikikauka napiga pasi pande zote mbili, pindo na kola zaidi, kwa sababu nguo mbichi ikianikwa nje kuna inzi anayetaga mayai yake humo, na funza wake huingia kwenye ngozi. Pasi ya moto inamaliza habari hiyo.

Kwa sasa natafuta sketi ya kodrai, rangi ya kutu, inayoshuka chini ya goti, na iwe na mifuko ya kweli. Mama wa Memorial anajua, wa Tengeru nimemwambia. Wewe ukiiona kabla yangu na kiuno kikiwa kikubwa mno, inunue tu, usiikate. Niandikie, nitakurudishia hela yako na nauli juu.