Asilimia 30 ya Kiasi Gani? Kuhusu Kupima Mwitikio wa Sapropterini

Mtu mwenye fenilketonuria huzaliwa na hitilafu ya jeni inayokidhoofisha au kukizima kabisa kimeng'enya cha ini kinachogeuza fenilalanini, asidi amino iliyomo katika protini ya chakula, kuwa asidi amino nyingine iitwayo tairosini, na fenilalanini inayolimbikana katika damu huudhuru ubongo, hasa ule wa mtoto anayekua. Kwa miongo mingi tiba ilikuwa mlo peke yake: protini ya kawaida kwa kiasi kidogo kilichopimwa, pamoja na mchanganyiko wa asidi amino usio na fenilalanini. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walieleza kuhusu wagonjwa ambao kiwango chao kilishuka walipopewa tetrahidrobiopterini, ambayo ndiyo msaidizi wa asili wa kimeng'enya hicho. Desemba 2007 Marekani ikaidhinisha sapropterini, yaani msaidizi huyo aliyetengenezwa maabara.

Dawa hii haimsaidii kila mgonjwa. Mwenye mabadiliko ya jeni yasiyoacha hata chembe ya kimeng'enya katika nakala zote mbili hana cha kusaidiwa, na kwa maoni yangu kumjaribu ni kuitia familia yake matumaini ya bure. Wengine hupewa dawa, mara nyingi miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na fenilalanini ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi husemwa kwamba wameitikia. Jaribio fupi linalotumika sana Ulaya huchukua saa 48, lakini wapo wanaoitikia polepole, na kwa hao hulazimu kusubiri hadi wiki nne.

Ninachosisitiza ni kwamba asilimia hiyo haina maana yoyote iwapo kiwango cha kuanzia si cha kuaminika. Tuchukue mtoto ambaye kwa kawaida yuko kwenye mikromoli 480 kwa lita. Akipimwa siku ana homa, mwili wake ukiwa unavunja protini zake wenyewe, anaweza kuonyesha 700. Homa ikiisha atarudi 480 bila msaada wa dawa yoyote, na kwenye karatasi itaonekana ameitikia kwa zaidi ya asilimia 31. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba damu ichukuliwe mara kadhaa kabla ya dozi ya kwanza, saa ileile ya siku, mtoto akiwa mzima na mlo wake haujabadilishwa. Hata tone lenyewe la damu lina masharti yake: lijaze duara la karatasi ya kukusanyia damu kwa mara moja na kupenya hadi upande wa pili, kwa maana tone likiongezwa juu ya lingine, kipimo hupanda kwa uongo.

Kuna pia kundi linaloonewa na hesabu hii, nalo ni la wale wanaofuata mlo kwa uaminifu. Aliyeanza na 200 hana nafasi kubwa ya kushuka, hivyo huweza kuandikwa kuwa hajaitikia, ilhali angeweza kunufaika kuliko wengi. Kwake njia ya haki ni kumwongezea fenilalanini kidogo kidogo chini ya uangalizi, akiwa anatumia dawa, na kuona damu yake inastahimili kiasi gani. Miongozo ya Ulaya ya 2017 huutazama ustahimilivu huo hasa: protini ya kawaida anayoweza kula iongezeke angalau maradufu, huku damu ikibaki katika kiwango kinachotakiwa, ambacho kwa walio chini ya miaka 12 ni kati ya mikromoli 120 na 360.

Mimi naupenda zaidi kipimo hiki cha pili, ingawa kinadai wiki nyingi, matone mengi ya damu na mtaalamu wa lishe asiyechoka. Mzazi anayeuliza kama dawa inafaa huwa anataka kujua mwanawe ataruhusiwa kula nini mezani, na jibu hilo hupatikana kwa kuongeza gramu chache za protini, kupima, kusubiri, kisha kuongeza tena hadi kiwango kianze kupanda.