Cheni za theluji zilivyolitoa Bedford langu kwenye tope la Liwale

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia madereva wanaambizana "ukiona tope kanyaga mafuta usiachie". Mimi nilikanyaga, nikakwama porini siku mbili na mifuko 150 ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, juu ya gari, na aliyeniambia nikanyage alishaondoka zake na bodaboda kabla giza halijaingia.

Gari langu ni Bedford MJ, lile lori la jeshi la Waingereza, fowili, yaani injini inavuta ekseli ya mbele na ya nyuma, tairi moja moja nyuma siyo pacha, injini ya dizeli silinda sita. Nililichukua kwa mtu Masasi, bei kama ya Fuso lililochoka, milioni kumi na kitu, halafu nikaongeza nyingine kwenye mabushi, klachi na turubai. Watu wakanicheka eti nimenunua mzee. Nachingwea yetu huku Lindi, kusini mwa Tanzania, imeshazoea vyuma vya jeshi jamani, ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951 ulifyekea pori na trekta na mabuldoza yaliyobaki vitani, wazee wanayakumbuka mpaka mlio wake. Chuma cha jeshi kinakula mafuta, ndiyo, ila kina tumbo la juu na ekseli nene, na mvua zikikaza huko Liwale Fuso zote zinapaki mimi naenda.

Sasa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kimepita mwanzoni mwa mwezi, daraja la Somanga limekatika, barabara ya Dar haipitiki, huku ndani nako maji yamekaa kwenye kila bonde. Na salfa haisubiri. Wenye mikorosho mnajua, ikifika Juni mti unaanza kuchipua na kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga unaingia hapo hapo, ukichelewa kupuliza wiki mbili unaokota majani. Kuna wakulima upande wa Lilombe walikuwa hawana hata mfuko mmoja. Mifuko 150 ya kilo 25, piga hesabu, tani 3 na kilo 750, gari linabeba hilo bila kulalamika. Nikapakia Nachingwea, mimi na utingo wangu, tukaondoka alfajiri.

Mpaka Liwale mjini tulifika, sitaki kuelezea, ni kawaida tu ya masika. Mbele ya hapo ndipo kuna bonde moja la udongo mweusi, mfinyanzi ule ukikauka unapasuka mpaka mguu unaingia, ukilowa unakuwa kama ugali uliotiwa mlenda. Urefu wake kama kilomita mbili. Tulikuta Fuso limezama upande wa kushoto, na dereva mmoja wa pale anayejiita mwenyeji akaniambia "kiongozi, ingia na gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho, usiachie hata uone nini, ukiachia umekwisha".

Nikamsikiliza. Mita mia ya kwanza gari linakwenda vizuri tu, tope linaruka mpaka kwenye kioo, utingo anashangilia. Halafu likaanza kupungua mwendo, mimi nazidi kukanyaga, mlio wa injini uko juu lakini miti ya pembeni haisogei. Nikashuka kuangalia. Difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, imekalia tope kama kuku juu ya mayai, na tairi zimechimba mashimo zimejaa udongo kwenye meno yote, laini, zinang'aa, ungeweza kujitazama. Na jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu haya magari, ukitia fowili haimaanishi miguu yote minne inavuta. Langu halina difloki, ile ya kufunga difu ili tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja. Linazungusha mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, ile miwili yenye utelezi zaidi, na mingine inakutazama tu.

Kuna ujanja wa kukanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku unatia mafuta taratibu, ile tairi inayozunguka bure inabanwa na nguvu inahamia upande wa pili. Unafanya kazi kweli, umeshanitoa kwenye mchanga wa Newala mara nyingi. Ila gari likishakalia tumbo haukusaidii kitu.

Halafu ikaja habari ya gogo. Hii nataka niieleze vizuri maana bado watu wanaishauri. Vijana wa kijijini walikuja, mmoja akasema mjomba kata gogo refu kama upana wa gari, lilaze mbele ya tairi za nyuma, lifunge kwa mnyororo kwenye tairi zote mbili, tairi zikizunguka zitalivuta gogo chini na gari litapanda juu yake. Kwa akili inaingia kabisa. Tukakata gogo, saa nzima na panga, tukalifunga kwa mnyororo wa kuvutia gari na kamba za katani. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi pole pole, na kweli gari likanyanyuka! Likasogea kama mita moja, watu wanapiga kelele "twende twende". Nikaendelea nusu sekunde zaidi. Gogo likapita chini ya tairi, likapanda nalo kwa nyuma, likagonga madigadi ya kushoto likaikunja kama karatasi, kamba ikakatika, gogo likabaki upande mmoja limekwama kati ya tairi na springi. Kulichomoa tulitumia saa tatu na msumeno tuliokwenda kuazima kijijini. Yaani inabidi usimame kabla tairi halijamaliza mzunguko, ulifungue gogo, ulirudishe mbele, ufunge tena, kila mita moja na nusu. Bonde ni kilomita mbili. Hesabu mwenyewe.

Usiku ule nilikaa kwenye kebini nikamfikiria mpwa wangu. Yuko Norwei, anaendesha malori huko. Wanajeshi wa Uingereza nao kila mwaka wanakwenda kaskazini mwa Norwei kufanya mazoezi ya baridi, kwa hiyo magari haya siyo mageni kwenye theluji. Na nyuma ya kiti changu kulikuwa na gunia zito nililonunua pamoja na gari, ndani kuna cheni mbili, kila moja kama wavu wa samaki wa chuma. Fundi Masasi alishaniambia niziuze chuma chakavu, "theluji utaipata wapi Nachingwea". Nilikataa kwa sababu moja tu, kitu kimekuja na gari hakiondoki kwenye gari.

Asubuhi nikapanda kwenye kichuguu kikubwa, mtandao unapatikana mstari mmoja, nikamtumia sauti na picha. Akajibu haraka. Kwanza akanisalimia vizuri, "shikamoo mjomba", halafu akaniambia maneno ambayo nimeyaweka mpaka leo kwenye simu. Kwamba huko kwao theluji ikiwa ya kina ikafika kwenye difu, tairi hata ziwe mpya gari haliendi, limekalia tumbo, kwa hiyo unachimba tumbo kwanza ndiyo unashughulika na tairi. Kwamba ukizungusha tairi hovyo theluji inayeyuka kwa joto la tairi halafu inaganda kuwa barafu, umejitengenezea kioo chini ya tairi kwa mguu wako mwenyewe. Na kwamba cheni zinafungwa jozi, ekseli moja kushoto na kulia, na kama una jozi moja tu na unataka kupanda, weka nyuma kwenye mzigo. Nikakaa juu ya kile kichuguu nikaona tope langu lote linaelezwa na mtu aliye kwenye barafu.

Tukaanza. Mzigo tukashusha nusu, vijana nane wakabeba mifuko kichwani mpaka kwenye kilima ng'ambo ya bonde, tukatandika turubai chini na lingine juu. Niliwapa elfu tano tano na baadaye nikaongeza. Tumbo tukalichimba kwa beleshi na mikono, mikono ndiyo inafanya kazi zaidi maana mfinyanzi ule haudondoki kwenye beleshi. Jeki nayo ukiiweka kwenye tope inashuka yenyewe badala ya gari kupanda, tukalaza tairi la akiba chini, juu yake ubao wa mninga, juu yake jeki. Hapo likanyanyuka.

Sasa sikilizeni hapa. Upepo unashusha KABLA ya kufunga cheni. Mimi nilishusha kutoka psi 65 mpaka 30, tairi likatanuka ubavu, ndipo nikavisha cheni. Ukivisha kwanza halafu ukashusha upepo, cheni inalegea, inaanza kupiga ndani, na ndani kuna bomba la breki. Nililala chali chini ya ekseli kupima, vidole viwili vilipita kati ya cheni na bomba, nikaridhika. Ndoano ya ndani unafunga kwanza maana ya nje inafikika, ukianza na ya nje utalia. Vile vya kukazia vilivyokuja nazo vilikuwa vimekufa, basi nikachana tyubu kuukuu ya pikipiki vipande, nikavuta manne kila tairi yamekatiza katikati kama msalaba, cheni ikabana kama imeshonwa. Mashimo tukajaza matawi na mawe, tukashusha jeki.

Gia ya kwanza, fowili kwenye "low", mguu karibu hauko kwenye mafuta. Nikaachia klachi. Cheni zikaanza kutafuna, unazisikia, kwata, kwata, kila pingili inachota tonge la udongo mweusi inalitupa nyuma, na meno ya tairi yanabaki wazi. Gari likatoka shimoni taratibu kama ng'ombe anayeamka. Likianza kulegea sikanyagi, nayumbisha usukani kushoto kulia kushoto kulia, tairi za mbele zinakata kingo za njia zinapata pa kushika. Mita kumi nikasimama kukaza cheni tena, maana mwanzoni lazima zilegee, halafu sikusimama tena. Kilomita mbili saa moja na nusu. Utingo alitembea kwa miguu mbele akinionyesha wapi pagumu, na alikuwa ananisubiri.

Ng'ambo tulipofika kwenye changarawe cheni nikafungua hapo hapo, kwenye njia ngumu zinakula tairi na ukipita mwendo zinakatika zinapiga madigadi. Upepo tulijaza kutoka kwenye tanki la breki, nilishafungia mpira wangu pale, pole pole mpaka jioni. Tukapakia tena mifuko. Yote 150, miwili tu ilipata unyevu pembeni.

Lilombe tuliingia saa mbili usiku. Mzee mmoja alikuja na taa, hakusema kitu kwanza, akaweka mkono juu ya mfuko akaubonyeza kama anapima maembe, akauliza, "ni kavu hii?" Nikamwambia kavu mzee wangu. Akageuka akaita wanawe watatu wakaanza kushusha usiku ule ule, wakati mimi bado sijala.

Lile Fuso la kushoto nililivuta nilipokuwa narudi, sikuchukua hela, nilimwomba tu dereva wake asije akamwambia mtu mwingine akanyage. Tangu hapo wenye fowili wanakuja kuazima cheni zangu kila masika. Mwaka huu mmoja alikuja anataka moja tu, eti tairi lake linalozunguka ni la kulia. Nilimrudisha ndani nikambebesha gunia zima.