Warsha ya Maktaba Ije Kabla ya Mada Kupitishwa

Kila likizo ndefu inapoanza, wanafunzi wa Lamu walio katika vyuo vikuu vya Kilifi, Mombasa na Nairobi hurudi nyumbani na mada za utafiti zilizokwisha kupitishwa na wasimamizi wao, na wengi hunijia na swali lile lile: nitapata wapi maandishi ya kuandikia sura ya pili, ile ya mapitio ya yaliyokwisha kuandikwa? Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuendesha warsha za stadi za utafiti. Swali hilo hunisikitisha kwa kuwa limechelewa. Mwanafunzi ambaye mada yake imekwisha kupitishwa hasomi tena ili ajue wenzake wameandika nini. Husoma ili apate sentensi za kuegemeza yale aliyokwisha kuyaamua. Nimelisema jambo hili vikaoni na leo naliandika hapa: warsha ya maktaba inafaa imfikie mwanafunzi katika mwaka wa pili, au mwanzo wa mwaka wa tatu, kabla hajaandika hata kichwa cha pendekezo lake.

Warsha za vyuo vingi hufanana. Wanafunzi wengi hukusanywa ukumbini kwa saa moja au mbili, mkutubi huwaonyesha katalogi, kisha hupitia haraka orodha ya hifadhidata: JSTOR yenye majarida ya fani nyingi, AJOL yenye majarida ya Afrika, Hinari ya masuala ya afya iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, na AGORA ya kilimo iliyofuata mwaka 2003. Yote hayo yana faida. Hata hivyo mwanafunzi hutoka ukumbini akijua majina ya mahali pa kutafutia, ilhali hajafundishwa namna ya kuligeuza swali lake kuwa maneno ya kutafutia, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Likizo iliyopita alinijia binti mmoja wa Mkomani anayesomea masuala ya mazingira, ambaye mada yake ilihusu athari za bandari mpya ya Lamu kwa maisha ya wavuvi. "Mwalimu, nimetafuta sana, sikuona kitu ila habari za magazeti," aliniambia, akanionyesha simu yake. Alikuwa amekiandika kichwa chote cha mada, kama kilivyo, ndani ya kisanduku cha kutafutia. Tuliketi barazani, nikamwomba achukue daftari aligawe swali lake katika dhana tatu: bandari, wavuvi, Lamu. Chini ya kila dhana aliandika maneno mengine ambayo mwandishi mwingine angeweza kuyatumia kwa jambo hilo hilo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana sehemu kubwa ya maandishi ya kitaaluma kuhusu pwani yetu imo katika Kiingereza. Chini ya wavuvi aliandika riziki, kamba, madema, nyavu na maeneo ya kuvulia. Chini ya bandari akaandika LAPSSET (mradi wa usafiri wa kuunganisha Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia), gati na uchimbaji wa sakafu ya bahari. Nilipomwambia chini ya Lamu aongeze Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na Mokowe, alinitazama kwa mshangao, kwa kuwa alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mtafiti aliyekwenda Kizingitini huenda hakuliweka neno Lamu katika kichwa cha makala yake.

Baada ya hapo kanuni yenyewe ni nyepesi. Maneno ya dhana moja huunganishwa kwa OR, yaani "au", dhana na dhana huunganishwa kwa AND, yaani "na", na maneno yanayokwenda pamoja hufungiwa ndani ya alama za mtajo. Mantiki hiyo inatokana na kazi ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, na hifadhidata nyingi zinaitegemea mpaka leo. Kwa sisi wa pwani kuna jambo la kuongeza, nalo ni tahajia. Siyu huandikwa pia Siu, Shela huandikwa Shella, Gede huandikwa Gedi, na Faza katika maandishi yanayotokana na Wareno hutajwa kwa jina la Ampaza. Mwanafunzi wa mikoko naye atapata makala nyingi zaidi akiandika Rhizophora mucronata kwa mkoko na Avicennia marina kwa mchu, kisha alitafute jarida la bahari linalochapishwa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa Bahari ya Hindi ya Magharibi chenye makao yake Zanzibar, ambalo husomwa bila malipo.

Daftari lile lilitupeleka mahali ambapo binti hakutarajia. Makala za majarida zilipatikana, lakini hazina kubwa ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2018, iliyoamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kutokana na madhara ya ujenzi wa bandari. Hukumu hiyo inasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, inayochapisha sheria na hukumu za Kenya, na ndani yake mahakama inapima haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni na haki ya kupata habari, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Tuliona pia uamuzi wa Juni 2019 wa NET, baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira, uliofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, ambamo suala la wananchi kushirikishwa linajadiliwa kwa kirefu. Warsha nyingi humfanya mwanafunzi aamini kwamba chanzo cha kitaaluma ni makala ya jarida peke yake, na imani hiyo inamnyima hukumu, ripoti za tathmini ya mazingira na takwimu za idara za serikali, ambazo kwa mada kama hii ndizo zenye ushahidi ulio karibu zaidi na watu wenyewe.

Binti alipomaliza kusoma, swali lake halikuwa tena lile lililopitishwa. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na mengi aliyoyasoma yaliandikwa kabla ya hapo, yakieleza hofu na makadirio. Yeye sasa alitaka kujua wavuvi wamehamia maeneo gani tangu meli zianze kutia nanga, na kwa chombo gani wanafika huko. Ni swali zuri zaidi, tena linaweza kujibiwa. Lakini ilimbidi arudi kwa msimamizi, abadilishe pendekezo na asubiri upya kibali, na muda huo ungeokoka lau angalikaa na mkutubi muhula mmoja kabla.

Hapa Lamu kuna vyanzo ambavyo warsha za bara hazivitaji kabisa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini kupotea, na katika London, chuo cha SOAS kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili, mingi ikiwa ya mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwanafunzi wa fasihi au wa historia anayetoka Langoni na hajui kwamba vitu hivyo vipo amekoseshwa haki yake. Wapo pia wazee. Mahojiano na nahodha mstaafu au fundi wa majahazi ni chanzo, na yana taratibu zake: kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, idhini ya anayehojiwa, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, wajibu wa kuhifadhi sauti na majina ya watu kwa uangalifu. Huwaambia wanafunzi wasiwashe simu na kuanza kurekodi. Amkia kwanza, keti, eleza unatoka chuo gani na maneno yake yatakwenda wapi, kisha uliza waziwazi, "Ami, waniruhusu nirekodi?" Akikataa, andika kwa kalamu ikiwa amekubali hilo, na asipokubali hata hilo, shukuru uondoke.

Kuhusu kunukuu sitasema mengi, kwa kuwa programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, inapanga marejeleo vizuri na inafundishika kwa muda mfupi. Lililonishughulisha zaidi miaka hii ni marejeleo yasiyokuwepo. Programu za akili mnemba humwandalia mwanafunzi orodha yenye majina ya waandishi, mwaka, jarida na kurasa, vyote vimekaa sawasawa, na makala yenyewe haikuandikwa na mtu yeyote. Dawa yake ni kuikagua kila moja: tafuta kichwa chake kikamilifu, fungua tovuti ya jarida uangalie toleo lililotajwa, na ikiwa ina DOI, nambari ya kudumu ya kuitambulisha makala, ile inayoanza kwa 10, ibandike katika doi.org uone inakupeleka wapi. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hili kwa mkono wake mbele ya mkutubi hulikumbuka kuliko aliyesikia onyo ukumbini.

Wengi hudhani wakivuka maji kuja Lamu maktaba ya chuo wameiacha nyuma. Sivyo. Majarida ambayo vyuo vyetu hulipia kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba wa KLISC yanaweza kufunguliwa kutoka nyumbani pale ambapo chuo kina mfumo wa kuingilia kutoka nje, kwa nywila ya mwanafunzi, na mtu asiyeijua anachohitaji ni kumwandikia mkutubi wake barua pepe. Anayebana bando afungue kwanza muhtasari wa makala, achague, kisha apakue zile tu atakazozisoma. Na anayetaka mahali pa kukaa kimya asome, maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu inafaa.

Ninalo ombi kwa wakutubi wenzangu na kwa wasimamizi. Tasnifu zinazoandikwa kuhusu Lamu huishia katika hazina za kidijitali za vyuo, mara nyingi zikiwa na maneno ya msingi mawili matatu ya jumla, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka unaofuata hazioni. Kipindi cha mwisho cha warsha kitumike kumfundisha mwanafunzi kuandika maneno ya msingi yenye jina la kijiji, tahajia zake zote na jina la Kiswahili la kitu alichokichunguza, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja ambao wavuvi waliohojiwa wataweza kuusoma. Nakala moja iliyochapishwa iletwe katika maktaba ya Ngome. Yule binti wa Mkomani nimekwisha kukubaliana naye, na muhtasari wake tutauandika pamoja likizo ijayo.