Siku iPad ilipowavua maarusi wangu buibui

Nianze na yule kijana wa duka la simu, maana hasira zangu kwake hazijesha. Nilimwuliza vipi nitahamisha picha za iPad yangu hadi kwenye kompyuta, akanijibu: "Dada, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Chomeka waya tu, kompyuta itavuta picha yenyewe." Kweli ilizivuta. Ilivuta hata zile nilizokwisha apa kwamba hazitaonekana na mtu.

Mimi ni mchora hina, Kibokoni, Mombasa, mwaka wa kumi na moja huu. Kila mkono nikiumaliza naupiga picha kwa iPad, halafu naitengeneza. Naongeza mwanga, kwa sababu chumba changu kina dirisha moja na linatazama ukuta wa jirani. Kisha nakata, na kukata ndiyo kazi yenyewe. Biarusi anakaa kwangu kichwa wazi, nywele zimelowa mafuta, leso kifuani, na nyuma yake mtoto wa dadake anapita na bakuli la mbaazi. Nikishakata hubaki kiganja, kifundo na ua la piko, ile rangi nyeusi. Ndiyo ahadi ninayowapa: mkono tu. Kwenye kupamba kwetu simu hazitolewi ovyo, kwa hiyo mtu akikuachia umpige picha, hiyo ni amana.

iPad ikajaa. Nikanunua kompyuta ya mtumba, ya Windows, bei sitaji kwa sababu mume wangu husoma anayoyasoma. Nilitaka picha zote zikae kwenye maktaba ya picha ya kompyuta, zipangike kwa tarehe, mteja akija nimwoneshe kwenye kioo kikubwa.

Shoga yangu mmoja aliniambia nijitumie kwa WhatsApp. Nilikaa usiku kucha nikituma fungu kwa fungu, bando likaisha, nikaongeza la mia na kitu, likaisha tena. Asubuhi naangalia, zile nyuzi nyembamba za piko, ambazo ndizo fahari yangu, zimefifia kama hina ya wiki tatu. WhatsApp huzibana picha, na tena huzifuta tarehe ya kupigwa. Kwa hesabu ya maktaba yangu, Jumanne moja nilipamba maarusi zaidi ya mia mbili. Mikono ingekatika.

Ndipo nikarudi kwa kijana na habari yake ya waya. Uhamishaji ukawa unakatika njiani, kompyuta inadai kifaa hakifanyi kazi. Akanielekeza niingie kwenye mipangilio ya iPad, upande wa Photos, niteremke chini kabisa nichague Keep Originals, yaani "weka za asili". Zikapita kama maji. Sikukaa kujiuliza hayo maneno mawili yanasema nini. Jina lenyewe linakwambia, nami nafurahia mwendo tu!

Siku ya pili akaja mama mmoja na bintiye kuchagua ua. Nikawakaribisha kahawa, nikafungua kompyuta kwa madaha. Picha ya kwanza: biarusi wa Shaabani iliyopita, mzima mzima, kichwa hadi mabega. Mama akasogeza miwani. "Ee, huyu si mtoto wa..." Nikakifunga kioo kabla hajafika kwenye jina. "Stima imepotea," nikasema. Feni juu ya vichwa vyetu inazunguka, redio ya jirani inaimba. Yule mama akaitazama feni, akanitazama mimi, akanywa kahawa yake.

Usiku ule nikakaa na mtoto wa kaka yangu, anayesomea mambo haya, tukafungua folda moja moja. Kila picha niliyoitengeneza ilikuja na wenzake. Kulikuwa na IMG_2291 yenye mkia wa HEIC, nayo ndiyo ya asili. Kulikuwa na ya jina hilohilo yenye mkia wa AAE, ambayo ukiibonyeza haifunguki picha, ni maandishi tu yanayoeleza nilifanya nini: kata hapa, ongeza mwanga pale. Halafu kuna IMG_E2291, yenye hiyo E katikati, na hiyo ndiyo kazi yangu. Kumbe siku zote nilipodhani nimekata, iPad haikukata kitu. Ya asili iko palepale, imevishwa buibui. Waya ukaja ukaivua, na maktaba ikazimeza zote, aliyevaa na aliyevuliwa, bega kwa bega.

Ukiwa na haraka, tafuta kwenye folda majina yenye IMG_E, chukua hizo. Mimi sikuwa na moyo huo tena. Sitaki ya asili ikanyage kompyuta hata kwa bahati mbaya.

Hila iliyonitoa ni flashi ya vichwa viwili, kimoja cha USB-C kinaingia kwenye iPad, kingine cha kawaida. Ilikuwa elfu na ushee, muuzaji alisema elfu mbili nikageuka kuondoka. Tangu iPadOS 13 ya 2019, programu ya Files huisoma flashi moja kwa moja. Yangu ilisomeka ila haikuandikika, kumbe ilikuwa imepangwa kwa NTFS, mpango wa Windows ambao iPad huusoma tu. Mtoto akaipanga upya kwa exFAT, mpango ambao iPad na Windows zote huuandikia. Nikachagua picha, nikabonyeza kushiriki, na hapo juu, kabla ya kitu kingine chochote, nikagusa Options. Nikazima All Photos Data, ile inayobeba ya asili pamoja na yote niliyoifanyia. Nikazima na Location pia, yaani mahali picha ilipopigwa, maana sina haja ya kumwachia mtu ramani ya kila nyumba niliyoingia kutoka Kibokoni hadi Kizingo. Ndipo nikahifadhi kwa Files, ndani ya flashi. Tarehe zilibaki zilivyo, na Jumanne yangu ikapata pumzi.

Zile za waya nilizifuta zote, na debe la taka nikalimwaga kwa mkono wangu.

Kabla ya kuamini nilimwambia yule mtoto achukue picha moja ya flashi, ajaribu kuipanua, airudishe ilivyokuwa, afanye ujanja wote wa chuoni kwao. Akahangaika mpaka chai ikapoa.

"Hayumo, shangazi. Ni mkono tu."

Wiki iliyofuata yule mama akarudi na bintiye. Nikafungua kompyuta, nikamgeuzia kioo, viganja juu ya viganja, hakuna hata sikio. Akachagua ua la mkorosho, nyuzi nyembamba, mpaka kiwiko. Akaweka arubuni. Kisha akaitazama feni.

"Na stima siku hizi, haipotei?"