Nilivyojifunza Kudai Deni Lubumbashi Baada ya Kuzoea Mahakama za Mbeya

Mwaka 2019 mfanyabiashara mmoja wa mchele, ambaye nilikuwa nimemwakilisha mara mbili Mahakama Kuu hapa Mbeya, alikuja ofisini kwangu na daftari, rundo la hati za kupokelea mizigo na uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Alikuwa amempelekea mnunuzi wa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mchele wa Mbarali kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Shehena mbili za kwanza zililipwa, ya tatu na ya nne zikapokelewa bila kulipwa. Mali zote za mdaiwa zilikuwa Kongo, na hukumu ya Mbeya, hata kama ningeipata, ingelazimu kwanza kuombewa idhini katika mahakama za kule ndipo itekelezwe. Nikamshauri tudai huko huko, nami nikajitwisha kazi ya kuzielewa mahakama ambazo chuoni nilizisoma kwa kurasa chache tu.

Nilijiandaa kama nilivyofunzwa. Mawakili wa Tanzania tumelelewa katika desturi ya sheria ya Uingereza, ambayo kwetu ilipokelewa kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, na katika desturi hiyo shauri huishi kinywani mwa shahidi: hula kiapo, huongozwa na wakili wa upande wake, hudodoswa na wakili wa upande wa pili, naye jaji hukaa akisikiliza na kupima nani wa kuaminiwa. Kwa hiyo niliwaandaa madereva wawili na karani wa ghala, nikachukua maelezo yao, kisha nikakusanya maamuzi sita ya Mahakama ya Rufani kuhusu mikataba isiyoandikwa. Nilipompigia simu wakili mwenzangu wa Lubumbashi, kwa kuwa mimi sikuwa na haki ya kusimama katika mahakama za kule, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniita Metre kama mawakili wa Kongo wanavyoitana, kisha akauliza, "Metre, karatasi ziko wapi?"

Sote wawili tulikuwa tukizungumza Kiswahili, lakini neno ushahidi halikuwa na sura moja vichwani mwetu. Mimi niliposema ushahidi niliona mtu kizimbani. Yeye aliona jalada, au dosie kama anavyoliita. Kongo ilirithi sheria za Ubelgiji, ambazo mizizi yake iko katika Msimbo wa Sheria za Madai wa Ufaransa wa mwaka 1804, na hata leo msingi wa sheria yao ya mikataba ni dikrii, yaani sheria iliyotolewa kwa amri ya serikali, ya tarehe 30 Julai 1888. Katika mfumo huo jaji hulisoma jalada kabla ya kusikia neno refu kutoka kwa yeyote, mawakili hubadilishana nyaraka na hoja za maandishi mapema, na shahidi akiitwa, maswali huulizwa na jaji mwenyewe au hupitia kwake. Madereva wangu hawakusafiri. Nakiri kwamba jambo hilo liliniuma, kwa sababu naamini kabisa kwamba kumdodosa shahidi vizuri hufichua uongo ambao karatasi huusitiri, na bado naamini hivyo.

Mwenzangu alinieleza jambo ambalo ndilo lililotuokoa. Tangu mwaka 2012 Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zilizounganisha sheria zao za biashara, na mahakama yake ya juu iko Abidjan. Chini ya sheria za OHADA, mdai mwenye deni la kimkataba ambalo ni la hakika, kiasi chake kinajulikana na muda wake wa kulipwa umefika, anaweza kumwandikia rais wa mahakama, yaani jaji anayeiongoza, ombi la amri ya malipo, naye akaamua kwa kuangalia nyaraka peke yake, bila kumwita mdaiwa. Hofu yangu kubwa, kwamba hatukuwa na mkataba uliotiwa saini, iliondoka pia, maana mauziano ya kibiashara kule yanaweza kuwa ya mdomo na kuthibitishwa kwa njia yoyote. Wiki tatu zilizofuata niliacha kuwaza mashahidi, nikapanga hati za mpokeaji moja moja kwa tarehe, kila moja na risiti yake ya forodha na taarifa ya benki ya malipo yaliyotangulia, na zote zikatafsiriwa kwa Kifaransa na mfasiri aliyeapishwa.

Maamuzi yangu sita yalibaki Mbeya. Kwetu uamuzi wa Mahakama ya Rufani hufunga mahakama zote zilizo chini yake. Kule jaji huanza na kifungu cha sheria, na kesi zilizotangulia humsaidia kukifasiri. Hata hivyo, wanaosema kwamba nchi za mfumo ule hazijali kesi rejea wanakosea, kwa kuwa mwenzangu alinukuu maamuzi mawili ya Abidjan katika ombi letu, na aliyachagua kwa uangalifu uleule ambao ningeutumia mimi.

Rais wa Mahakama ya Biashara alitoa amri. Ilipaswa kufikishwa kwa mdaiwa ndani ya miezi mitatu, la sivyo ingekufa. Ilifikishwa katika wiki ya pili, na mdaiwa, aliyekuwa na siku 15 wakati huo, akaweka pingamizi siku ya kumi na tatu. Shauri likaenda mbele ya jopo la aina ambayo mimi sikuizoea: jaji wa taaluma akiongoza, na pembeni yake wawili waliochaguliwa miongoni mwa wafanyabiashara. Sheria inawataka wajaribu kwanza kupatanisha pande zote, nao walifanya hivyo hasa. Mmoja wa wale wafanyabiashara alizipitia hati zetu za mapokezi na kumwuliza mdaiwa kama mhuri uliopo ni wa ghala lake. Mdaiwa alikubali kwamba ni wake.

Tulikubaliana malipo kwa awamu tatu. Hati ya upatanisho ilitiwa saini na kupewa nguvu ya kutekelezwa kama hukumu, na mteja wangu alipokea awamu ya mwisho kupitia benki ya Tunduma.